Muulize Dokta wa Picha: Jiwe Lenye Kitanzi Ndani

Mwezi huu barua za kibofu zimefuatana kama vile mmepanga. Nakumbusha tu kwamba mi kazi yangu ni kupiga na kusoma picha, siandiki dawa wala sishiki kisu, kwahiyo ukitaka kujua unywe nini muulize dokta wako anayekuona uso kwa uso. Ila picha njoo nayo hapa tuongee.

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Tanga, nna miaka 34 na watoto watatu. Mwaka wa pili huu UTI haiishi, nimemeza antibayotiki mpaka nimechoka, nikimaliza dozi napata nafuu wiki mbili halafu inarudi, mkojo unachoma sana mwishoni na siku zingine unakuja na damu. Juzi nikapigwa altrasaundi wakasema kuna jiwe kwenye kibofu la sentimita 3 na ndani yake kuna "kitu kama mstari", wakaniuliza kama nishawahi kuweka kitanzi. Ni kweli nilikiweka mwanangu wa pili akiwa na miezi miwili, baadae nesi akasema haoni uzi kwahiyo kitakuwa kimedondoka, na kweli nikapata mimba ya huyu wa tatu. Sasa wananiambia nikapige na eksirei. Dokta, kitanzi kinatokaje kwenye kizazi mpaka kiingie kibofuni? Au wanatafuta hela yangu? Mume wangu anataka nikachukue dawa ya kienyeji iliyoyeyusha jiwe la jirani yetu.

Marahaba mama. Hapana, hapo hakuna anayetafuta hela yako, na huyo aliyekuuliza habari ya kitanzi mshukuru sana kwasababu wengi wangeandika "jiwe la kibofu" wakafunga ripoti. Mwanamke kupata jiwe la kibofu sio jambo la kila siku. Mawe haya kwa sehemu kubwa ni ya wanaume, hasa wazee wenye tezi dume, sasa nikiona jiwe kwenye kibofu cha mama wa miaka 34 swali langu la kwanza ni hili jiwe limejijenga juu ya nini.

Kinafikaje huko? Kizazi na kibofu ni majirani wa ukuta mmoja, kibofu mbele kizazi nyuma. Katika vitanzi kama elfu hivi vinavyowekwa, kimoja au viwili hutoboa kizazi, na hatari inaongezeka kama mama ananyonyesha na hajakaa muda mrefu toka ajifungue, manake kizazi bado ni laini. Wewe ulikuwa na mtoto wa miezi miwili, umeona. Kinaweza kutoboa siku ileile ya kuwekwa au kikasogea taratibu kwa miezi na miaka, na kuna ambao hawasikii chochote. Kikishaingia kwenye mkojo mengine ni kama birika la maji ya kisima, ule ukoko mweupe unaoganda pembeni, basi chumvi za mkojo zinaganda hivyohivyo kwenye kitanzi tabaka juu ya tabaka mpaka linakuwa jiwe. Na bakteria wanajificha humo ndani ya ukoko ambapo antibayotiki haiwafikii vizuri, ndo maana unapona wiki mbili unarudi palepale. Sio kwamba dawa zilikuwa feki.

Sasa kwanini eksirei wakati altrasaundi imeshaona? Kwasababu altrasaundi inaona sura ya jiwe, tumbo lake hailioni vizuri. Sauti inapiga uso wa jiwe inarudi, pale tunaona mstari mweupe unaong'aa, na nyuma yake panakuwa na kivuli cheusi, sawa na taa ya gari ikimulika ukuta usiku, nyuma ya ukuta huoni kitu. Hicho kivuli ndo kinatuambia hili ni jiwe kweli. Lakini kilichofichwa ndani tunakibahatisha tu, ndo hapo inaandikwa "kitu kama mstari". Eksirei inapita. Na kitanzi cha shaba chenye umbo la herufi T, ile plastiki yake imechanganywa na bariamu makusudi kabisa ili ionekane kwenye eksirei, waliokitengeneza walijua iko siku kitatafutwa. Kwahiyo picha ikitoka utaiona ile T mwenyewe bila kusomewa, imelala katikati ya jiwe kama mbegu ndani ya embe.

Ukifika huko waambie mambo mawili. La kwanza, tarehe yako ya mwisho ya hedhi, wajue huna mimba kabla ya kuwasha mashine. La pili, picha ichukue tumbo lote mpaka chini ya nyonga, sio kibofu peke yake, kwasababu kitanzi kilichotoka kwenye kizazi kinaweza kwenda popote, hata juu karibu na ini.

Baada ya hapo usishangae wakikutuma siti skani, ile mashine ya eksirei inayokuzunguka na kutoa picha za mwili vipande vipande. Hiyo nayo ina sababu yake, na kwa maoni yangu kwenye kesi kama yako haifai kurukwa kama ipo na bima inalipa. Dokta wa upasuaji anataka kujua kitanzi kimeingia chote kibofuni au mguu mmoja bado umebaki kwenye ukuta wa kizazi. Kama chote kimo kibofuni wanaingia na kamera kupitia njia ya mkojo, wanalivunja jiwe kwa leza, wanakivuta, kazi imeisha na tumbo halijaguswa. Lakini kama nusu imenasa kwenye ukuta halafu mtu akavuta tu kwa kubahatisha, panaweza kubaki tundu, mkojo ukaanza kuvuja ukeni, na hiyo ndo fistula ambayo hakuna mama anayeitaka. Hapo wanabadilisha mpango, wanaingilia tumboni.

Hiyo dawa ya kienyeji, mwambie baba watoto kwa upole kwamba plastiki na shaba haviyeyuki kwa mizizi. Jiwe la jirani labda lilikuwa dogo, la figo, chini ya milimita 5, na hayo mengi yanatoka yenyewe hata ukinywa maji ya madafu. La kwako ni milimita 30 na lina plastiki na shaba ndani.

Na hili la "uzi hauonekani kwahiyo kimedondoka" linaniudhi kila nikilisikia. Uzi usipoonekana hakuna anayejua kiko wapi mpaka kitafutwe. Unapigwa altrasaundi kwanza, kama hakipo kwenye kizazi unapigwa eksirei, na kama tayari una mimba unasubiri ujifungue ndo upige, lakini iandikwe kwenye kadi kwamba kuna kitanzi hakijapatikana. Wewe ulijifungua, ukaondoka na mtoto na kitanzi chako tumboni na hakuna aliyeuliza tena.

(Na sio kitanzi tu jamani. Ndani ya mawe ya kibofu tunakutana na nyuzi za oparesheni za zamani, vipande vya mpira wa mkojo, na ile mirija laini inayowekwa toka figo kuja kibofuni ambayo unaambiwa urudi itolewe baada ya wiki kadhaa, mtu akijisikia mzima harudi. Kama una mrija huo sasa hivi na unasoma hapa, kaangalie tarehe yako.)

SWALI: Daktari, salaam kutoka Mombasa. Babangu ana miaka 71, mkojo wake hukatika ghafla akiwa amesimama, na akilala chali wakati mwingine unatoka. Eksirei ilisema hakuna jiwe hata moja. Altrasaundi ikasema yako mawe manne. Siti skani ikasema matano. Tushatumia pesa nyingi, sasa tuamini ipi? Mama anasema hizi mashine zote ni uongo mtupu.

Msalimie mzee, na mama naye mpe pole, ila hakuna mashine iliyodanganya hapo. Kila moja ilisema inachokiona.

Tangu Mjerumani Röntgen agundue hii miale ya eksirei mwaka 1895 watu waliikimbilia kutafutia mawe, mwaka uliofuata tu kule Glasgow dokta John Macintyre alishapiga picha ya jiwe la figo, kwahiyo wengi mpaka leo wanaamini jiwe ni jiwe, lazima lionekane kwenye eksirei. Sio hivyo. Linaloonekana ni lenye kalsiamu, kwasababu kalsiamu inazuia miale kama mfupa unavyozuia. Jiwe la asidi ya yuriki halina kalsiamu, miale inalipita kama mwanga unavyopita kwenye kioo, unabaki unatazama nyonga safi kabisa ya mzee na mawe yamejaa. Na kwa wazee ambao kibofu hakimalizi mkojo, hasa wenye gauti (ule ugonjwa wa asidi ya yuriki kuganda kwenye viungo), mawe ya yuriki ni ya kawaida tu. Kwahiyo eksirei "safi" kwa babako sio habari njema wala mbaya, inatupa fununu ya aina ya jiwe.

Altrasaundi haijali kalsiamu, yenyewe inajali ugumu. Lakini mawe yakirundikana la mbele linayafunika ya nyuma kwa kile kivuli nilichomwambia mama wa Tanga, hivyo manne kwa matano sio ugomvi. Halafu kuna kitu ambacho kwenye ripoti za haraka hakiandikwi, nacho ni kumgeuza mgonjwa. Ukiona jiwe mgonjwa akiwa amelala chali, mgeuze ubavu. Jiwe linabiringika linaenda upande wa chini. Uvimbe wa kansa haubiringiki, umeshikilia ukuta. Damu iliyoganda inaweza kusogea lakini haina kivuli. Na kama ni jiwe kweli, lina kivuli, na bado halisogei? Hapo usiandike haraka. Linaweza kuwa limeingia kwenye kifuko kilichotoka pembeni ya kibofu, wazee wa tezi dume wanavyo sana hivi vifuko kwasababu kibofu kinasukuma kwa nguvu miaka mingi mpaka ukuta unatoa mifuko, na dokta akiingia na kamera anaweza asilione kabisa. Au liko bado mdomoni mwa mrija unaotoka figo, halijadondoka kibofuni. Hili la mwisho tunalijua kwa kumlaza kifudifudi kwenye siti skani, la kibofuni linadondoka mbele, la mdomoni linabaki limening'inia palepale. Jaribio lenyewe la dakika moja tu, na linabadilisha oparesheni nzima.

Siti skani isiyo na dawa ya mshipa ndo inaona karibu mawe yote, na inatoa na namba ya jinsi kila kitu kinavyozuia miale. Namba hizo zinaitwa kwa jina la Hounsfield, yule injinia wa Uingereza aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi ya mashine hiyo, ambapo maji ni 0, jiwe la yuriki mara nyingi linabaki chini ya 500, na la kalsiamu mara nyingi linapita 1000. Tafuta kwenye ripoti ya baba. Kama hazijaandikwa rudi uulize, zipo kwenye kompyuta yao, ni kubonyeza tu, hulipi tena. Kwanini nakusumbua na namba? Kwasababu jiwe la yuriki ndo hasa linaloweza kulainika na hata kuyeyuka kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, polepole na chini ya dokta, yale ya kalsiamu hapana.

Ukiniuliza jiwe la ajabu kuliko yote nililowahi kuliona kwa mzee, ni lile lenye miiba. Ni la kalsiamu okzaleti, limechomoza pembe kila upande utadhani mbigili, kwenye siti skani ukilizungusha unajiuliza nani kamwekea mtu huyu kitu hiki. Hamna aliyemwekea, linaota hivyo lenyewe na halihusiani na uchawi (maana swali hilo nimeshaulizwa).

Mkojo wa baba unakatika akisimama kwasababu jiwe linadondokea kwenye tundu la kutokea kama kizibo, akilala linarudi nyuma njia inafunguka. Ila picha ambayo hujanitajia, na mimi ndo naitaka kuliko hizo tatu, ni altrasaundi ya kabla na baada ya kukojoa, mkojo kiasi gani unabaki, na tezi dume ina ukubwa gani. Mkitoa mawe matano mkaiacha tezi inaziba, mtarudi kuhesabu mengine.

SWALI: Dokta mambo. Nipo Shinyanga, nna miaka 29. Utotoni nilikuwa naogelea kwenye malambo na majaruba ya mpunga, nikakojoa damu, nikapewa vidonge vya kichocho shuleni. Sasa damu imerudi. Eksirei inaonyesha duara jeupe kubwa kama yai, mtu mmoja kaniambia ni jiwe kubwa limejaza kibofu chote nijiandae kwa kisu. Ni jiwe gani hilo dokta?

Poa kaka. Hilo huenda sio jiwe kabisa.

Minyoo wa kichocho cha mkojo wanataga mayai kwenye mishipa midogo ya kibofu, mengi yanatoka na mkojo lakini mengine yananasa kwenye ukuta yanafia humohumo, na miaka ikipita mwili unayafunika na kalsiamu. Ukuta mzima unakuwa mweupe kwenye eksirei, mwembamba, wa duara, wazungu kwenye vitabu vyao wanasema unafanana na kichwa cha mtoto aliye tumboni. Anayeona picha kama hiyo mara ya kwanza anasema jiwe, sio kosa kubwa, ila tofauti ipo. Jiwe kubwa ni jeupe mpaka katikati, mara nyingine lina pete pete kama kitunguu kilichokatwa. Ukuta wa kichocho ni mweupe pembeni tu, katikati hamna kitu. Na kuna mtego mwingine mzuri, upigwe picha kibofu kikiwa kimejaa halafu ukakojoe upigwe tena, duara likisinyaa basi ni ukuta, jiwe halisinyai kwa kukojoa! Altrasaundi inakupa jibu hilohilo bila miale.

Lakini usitoke hapa unafurahi kwamba umeponea kisu. Damu iliyorudi ukubwani kwa mtu aliyewahi kuwa na kichocho haiachwi, kwasababu kichocho cha muda mrefu ni chanzo kinachojulikana cha kansa ya kibofu, na hii inawapata watu wakiwa vijana kuliko kansa ya kibofu ya huko kwingine. Kwenye picha tunaangalia ule mstari mweupe kama umekatika mahali, au kuna nyama imechomoza kuingia ndani. Hata kama picha haina kitu, omba kamera ya kibofu. Picha peke yake haitoshi hapo na mimi ndo dokta wa picha nakwambia. Figo zako nazo ziangaliwe siku hiyohiyo, makovu ya kichocho yanaziba mirija taratibu bila maumivu. Vidonge vinaua minyoo, kovu na kalsiamu vinabaki.

SWALI: Mwanangu wa kiume wa miaka 4 akikojoa analia na anauvuta uume wake mpaka umekuwa mwekundu. Bibi yake anasema ni tabia mbaya achapwe. Tupo Kigoma vijijini, siti skani iko mbali sana.

Asichapwe mama, tafadhali. Mtoto wa kiume anayevuta hapo wakati wa kukojoa na kulia ni dalili ya zamani sana ya jiwe la kibofu, maumivu yanashuka mpaka kwenye ncha. Siti skani msiiwaze, kwa mtoto tunaikwepa miale tukiweza, altrasaundi ya hospitali ya wilaya inatosha kabisa. Sharti moja tu kibofu kiwe kimejaa, mpe maji njiani na akifika asikojoe kwanza, najua kumzuia wa miaka 4 ni kazi. Kibofu kitupu kimejikunja na jiwe dogo linapotea humo, halafu mnarudishwa na jibu la "hamna kitu". Na muulize anakula nini. Haya mawe ya watoto yamekuwa yakionekana zaidi pale ambapo mtoto anakuzwa kwa nafaka tupu, uji na ugali bila maziwa, mayai wala samaki, na maji anakunywa kidogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika mnao hapo hapo, mpeni.

SWALI: Nimeshauriwa nifanye MRI, ile mashine ya sumaku, kuhakikisha kama ni jiwe. Ni sahihi?

Kwa jiwe, hapana. Kwenye MRI jiwe ni doa jeusi tu, shimo, sawasawa na vitu vingine vingi, na utalipa sana kwa hilo shimo. Ila kama wanashuku uvimbe, hapo MRI ina maana, kwahiyo uliza wanatafuta nini.

SWALI: Nimetolewa jiwe wiki hii nimepewa kwenye kichupa. Nilitupe?

Usilitupe! Pamoja na mbwembwe zangu zote za kubashiri kwa namba, maabara ndo inasema jiwe ni la nini hasa. Lisuuze kwa maji, likauke vizuri, lirudishe kwenye kichupa kisafi kikavu, usilitie spiriti wala formalini kwasababu zinaweza kuharibu majibu. Na kama lilivunjwa kwa leza hata ule mchanga wake unapimika, kijiko kidogo kinatosha.